Rais Mwenye Umeme Bila Tokeni

Nyumbani kwangu kuna mwanamume mwingine. Nimemvumilia tangu Ramadhani nikisema ni mgeni, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hashiki. Hatumwi dukani, hachangi hata ya chumvi, na bado nyumba nzima inamsifu.

Nywele zake ni za manjano kama ndevu za hindi bichi. Macho ni ya buluu kama maji ya Diani saa nne za asubuhi, siku ambazo mwani haujajaa ufuoni. Tabasamu halimtoki. Amebandikwa sebuleni kwa uji wa ngano, kando ya kalenda ya duka la simiti. Mwanzo alikuwa ametazamana na picha ya Makka, mama yangu mzazi akamhamisha, akasema kila mtu na makao yake.

Mimi ni fundi cherehani, na huku kuandika safu ni kujitafutia hela ya vifungo. Nina mgongo wa fundi, macho ya fundi, na hasira za fundi ambaye wateja wake wote wanataka nguo usiku wa kuamkia Idi. Nikirudi kutoka Ukunda saa tatu usiku, nikajitupa kwenye kiti na kusema nimechoka, binti yangu hunitazama kwa huruma kidogo, kisha humgeukia yule wa ukutani.

"Baba, Teru mchana anaongoza shule nzima, usiku anapigana na mashetani, na asubuhi yuko darasani. Ushawahi kumsikia akilalamika?"

Sijawahi kumsikia, kweli. Ni karatasi.

Habari zake nilizipata kwa kusikiliza ukutani, tabia ambayo nilimkataza binti yangu mwenyewe. Alikuwa kwenye simu na mwenzake, anasema, "Mimi yule rais nampenda hadi naumwa." Moyo wangu ukafunguka. Nikamwambia mama watoto kwamba mtoto amepata uzalendo, tena mapema, na akiendelea hivi huenda mwaka huu hata basari ikatufikia. Mama watoto alicheka hadi akaacha kukuna nazi. Rais mwenyewe ni wa baraza la wanafunzi. Shule yake inaitwa Kamome, iko Japani, na hata huko Japani ukiitafuta huioni, kwa sababu imechorwa.

"Kumbe katuni," nikasema.

"Si katuni, baba. Ni anime."

Nikaeleweshwa. Kwa binti huyu huelezwi, unaeleweshwa. Watunzi ni wawili wanaojiita kwa jina moja, AidaIro, na kitabu chao cha michoro kilianza kutoka 2014. Januari 2020 kikageuzwa filamu za vipindi, na Januari 2025 ukaja msimu wa pili, ambao ndio uliomaliza bando langu la mwezi kwa wiki moja. Kisa chenyewe kinamhusu Hanako, mzimu unaokaa choo cha wasichana, jengo la zamani, ghorofa ya tatu, mlango wa tatu. Unagonga mara tatu, unamwita, anatoka, unasema ombi lako, naye analitimiza kwa malipo. Watoto wa Japani wamekuwa wakitishana kwa Hanako miaka mingi kabla ya hao watunzi, ila Hanako wa masimulizi ni msichana na huyu wa kwenye simu ni mvulana. Nikauliza mvulana anafanya nini choo cha wasichana. Nikaambiwa baba unapenda kukatiza.

Mwenye kugonga mlango ni msichana anayeitwa Nene, na ombi lake ni apendwe na nani? Na Teru. Rais. Kila msichana pale shuleni anamtaka yeye. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hadithi, kwa sababu hapa kwetu Msambweni huyo tungesema ametoka kutafuta dawa ya mapenzi, tofauti ni kwamba badala ya kwenda kwa mganga amekwenda chooni. Na kama dawa zote za mapenzi, ikamrudi: akameza gamba la nguva, akapatwa na laana ya kugeuka samaki. Hanako akamsaidia kuibeba laana ile, na malipo yakawa ni Nene kumfanyia kazi. Kazi yenyewe ni kusugua choo.

Mama yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akichambua mchicha kimya, akauliza swali moja tu. "Samaki gani?"

Hakuna aliyejua. Akasema basi hadithi haijakamilika, maana mtu kugeuka changu ni heshima, lakini kugeuka bunju ni msiba.

Sasa nitoe dukuduku langu. Wajapani wanasifiwa dunia nzima kwa kubuni kwamba kuna kitu chooni. Jamani! Sisi tumelelewa na hicho kitu. Mtoto wa pwani hajajua kufunga kamba za viatu, ameshajua kwamba chooni unatanguliza mguu wa kushoto na dua yake, unatoka na wa kulia, huimbi, hupigi mluzi, huzungumzi na mtu wa nje, wala humwagi maji moto usiku bila kutaja bismillahi, kwa sababu utamuunguza mtoto wa jini na mamake atakuja kukudai. Miaka yote hii tunaishi na sheria hizo bure, hakuna aliyetuchora. Hakuna aliyekuja na kamera kutuuliza kwa nini mtu mzima mwenye hati ya shamba anasimama mlangoni mwa choo chake akijadiliana na miguu yake. Hanako mmoja, tena wa ghorofani, ana mashabiki hadi Msambweni. Majini wetu wa chooni hawana hata kalenda.

Na yule mwanamke mwenye kwato za punda, anayesimama njiani usiku amejitanda vizuri na marashi yake, mpaka umpakie ndio utazame chini? Kila dereva kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ana binamu aliyempakia. Huyo angechorwa angetajirisha kaunti nzima.

Lakini turudi kwa rais. Ukoo wake, Minamoto, Japani ni ukoo wa kweli wa mashujaa wa vita wa zamani, na babu mmoja wa ukoo huo, Minamoto no Yorimitsu, aliyekufa mwaka 1021, anasimuliwa kuwa ndiye aliyelikata kichwa jitu liitwalo Shuten-doji baada ya kulilevya. Kwa hiyo Teru amerithi. Akiona mzimu hamuulizi hali, hamuulizi jina. Anakusanya umeme na kumlipua. Kifungu hicho binti yangu hukirudia mara tatu mfululizo. Mimi kinachoniumiza ni kuwa umeme wote ule anautoa bila kununua tokeni. Siku alipomlipua mzimu mmoja kwa dakika nzima, sisi tulikuwa tunamtazama gizani, simu imebaki asilimia tisa, na mita ya stima imeandika sifuri.

Ana pia makamu wa rais, kijana anayeitwa Akane, mwenye miwani, na huyo makamu kwa siri ni mmoja wa Walinzi wa Saa, yaani amo katika mafumbo saba ya kutisha ya shule hiyo, ambayo rais angependa kuyafuta yote. Rais anajua. Makamu anajua kuwa rais anajua. Wanafanya kazi ofisi moja, wanachekeana meno. Binti yangu alinisubiri nishangae. Nikamwambia mwanangu, mimi ni Mkenya.

Mama yangu naye, kumbe pale kwenye mchicha alikuwa akifuatilia. Anaona vizuri kuliko mimi, na mambo hayo ni yake. Ujana wake wote amehudhuria ngoma za kayamba, kuanzia Milalani hadi Vanga. Kipindi cha nne au cha tano akaweka ungo chini.

"Huyu si mganga," akasema. "Huyu ni polisi."

Binti yangu akataka kumtetea. Akanyamazishwa kwa mkono mmoja.

Pepo, alieleza, hapigwi. Pepo huitwa kwa kayamba, akapanda kwa taratibu zake, akaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, umekuja kwa wema ama kwa ubaya, unataka nini? Naye husema. Kuna anayetaka kitambaa chekundu, kuna anayetaka cheupe, kuna wa ubani na marashi, kuna wa halua, na wako wenye makuu wanaotaka pete ya fedha. Mnapatana. Mtu wake anapona, au hata asipopona sana, anapumzika. "Ukimfukuza kwa ubabe, leo katoka hapa, kesho yuko kwa jirani, na jirani atajua ni wewe uliyemtuma." Halafu akauliza yule mtoto mwingine, mdogo wake rais, anaitwa nani? Kou, akaambiwa. Huyo alikuja na fimbo ya radi kumwua Hanako, mwishowe wakawa wanakula pamoja. "Huyo ndiye ana mkono wa uganga," mama akasema. "Mkubwa wampe kazi barabarani, akamate matatu."

Kimya kikatanda sebuleni. Hata wa ukutani nilimwona tabasamu limemlegea.

Ningekuwa nimeyasahau haya, lau si mambo ya shuleni kwake. Sitaitaja shule. Ni ya kutwa, kuna minazi, inatosha. Muhula uliopita, mwezi wa pili, joto la kupasua mabuyu, msichana mmoja wa kidato cha pili alipiga unyende wakati wa masomo ya jioni, akaanguka. Akafuata wa pili. Mpaka magharibi wameanguka kumi na kitu, wanatetemeka na kulia, na waliobaki wamepanda juu ya madawati.

Tukaitwa wazazi. Nilikuta chini ya mwembe kama mkutano wa chama. Ustadhi ana sahani ya kombe, zafarani haijakauka. Mchungaji ameshavua koti. Daktari kijana kutoka zahanati anaeleza kwa upole kwamba ni hofu ya kuambukizana, si ugonjwa wala uongo, na kwamba pale Kashasha, karibu na Bukoba, Januari 1962, wasichana watatu walianza kucheka shuleni, kicheko kikawakumba 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa Machi, nao waliporudi nyumbani wakakipeleka vijijini. Nilimpenda daktari yule. Kando yake mzee mmoja, bila kumwangalia mtu, alikuwa anasema tatizo ni mti uliokatwa kujengea maabara, na dawa ni mbuzi mweusi. Nyuma yangu mzazi mwingine aliuliza mbuzi huyo atalipiwa kutoka mfuko gani, na kwa dakika ishirini mkutano wote ukawa juu ya risiti ya mbuzi.

Rais wa baraza la wanafunzi wa wakati ule, kijana mrefu mwenye tai, akataka kuonyesha uongozi. Alisimama juu ya jiwe akatangaza kwamba kuanzia kesho atakayepiga kelele ataandikwa jina. Kabla hajateremka, wakaanguka wengine wanne.

Usiku ule nyumbani, mama yangu alimuuliza mjukuu wake: "Na hao wasichana, kuna aliyewauliza wanataka nini?"

Hakuna. Ustadhi aliwasomea, mchungaji aliwaombea, daktari aliwapima presha, rais akawatisha, mimi nilipiga picha. Kesho yake binti yangu akaenda kuwauliza, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko, kila mmoja na kachri yake. Na walikuwa na jibu! Vyoo vya wasichana viko nyuma kabisa, karibu na kichaka, havina taa, na mlango wa tatu hauna komeo. Masomo ya jioni yanakwisha kiza kimeingia. Waliogopa kwenda. Walikuwa wanajibana kuanzia saa kumi. Mtu akijibana masaa mawili na joto lile, mwenzake akimgusa bega, atapiga unyende hata kama si Mdigo.

Na mlango wenyewe, nilisema, ni wa tatu. Tulitazamana wote, tukamtazama na wa ukutani.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta baba wa mgombea. Zamani hakukuwa na kugombea. Kiranja mkuu alitoka ofisi ya walimu kama mvua inavyotoka mbinguni, hujui kwa nini imenyesha kwenu. Baada ya migomo ya 2008 iliyozitikisa shule nyingi nchini, mwaka 2009 likaundwa baraza la wanafunzi wa shule za sekondari la Kenya nzima, na tangu hapo watoto wanapiga kura kwa karatasi na masanduku, wana ilani, wana maajenti. Kijana wa kidato cha pili alinijia kazini pale Ukunda kuniambia ana kura za "eneo la mabasi" na angependa tuzungumze. Nikamfukuza kwa rula.

Binti yangu alitaka ilani yenye kurasa sita, ikianza na mchoro wa Teru. Mama yangu akaikata ikabaki mistari miwili: taa chooni, komeo mlango wa tatu. Mpinzani aliahidi safari ya kwenda kuwaona mbega wa Diani wakivuka barabara kwenye yale madaraja ya kamba waliyowekewa, kisha kuzuru Kaya Kinondo, msitu ambao tangu 2008 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Ahadi nzuri. Ningempigia mimi. Lakini huwezi kumuahidi mbega mtu aliyejibana tangu saa kumi.

Akashinda. Taa ikawekwa, ya jua, na komeo likanunuliwa hapo Ukunda. Unyende ukakoma. Ustadhi anasema ni kombe, mchungaji anasema ni maombi, na yule mzee nikikutana naye huniuliza kama nimeona mbuzi wake mweusi amepungua uzito kwa mawazo.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikapewa kazi. Rais mpya alitaka zawadi ya ushindi, na zawadi yenyewe ni nguo ya Hanako. Si ya Teru, nikaambiwa nilipouliza. Teru ameshushwa cheo tangu ile hotuba ya bibi. Bado yuko ukutani, lakini sasa amesogezwa karibu na mlango, mahali panapopigwa na upepo. Nguo ya Hanako ni sare ya wanafunzi wa kiume wa Japani wa zamani: koti jeusi, kola ya kusimama, vifungo vya rangi ya dhahabu mstari mmoja, na kofia nyeusi yenye kimwamvuli mbele. Kwa ufupi, niliambiwa nimshonee mwanangu sare ya marehemu.

Nikaishona. Kitambaa nilikuwa na baki la kaniki, kutoka kwa mteja anayewauzia wageni, maana pale Kinondo huingii kayani mpaka ujifunge nguo nyeusi kiunoni. Kaniki ni nyepesi, kola ikawa inalala kama sikio la mbuzi. Nikaitia kanvasi ndani, nikapiga mishono minane, nikavunja sindano mbili. Vifungo nilivitoa kwenye koti la mlinzi wa hoteli moja ambaye hajarudi kulichukua tangu korona. Kofia ilinila siku mbili. Nilipomaliza nikaitundika juu ya koti pale kwenye msumari, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama kama afanyavyo fundi, na nywele za mkono zikanisimama. Kazi nzuri huwa hivyo, nikajiambia, nikafunga duka mapema.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo mke wangu pekee ndiye aliyejua. Mimi nami niliwahi kuwa kiongozi. Mwaka 1987, darasa la nane, enzi za maziwa ya Nyayo ya pakiti za pembetatu, nilikuwa kiranja wa usafi, na chini yangu walikuwa walinzi wawili, mafagio manne na vyoo sita. Choo cha mwisho hakikuwa kikitumiwa. Ilijulikana wazi kwamba yumo yule mwanamke, kwa sababu watoto walisikia kwato kwenye simiti. Mwalimu akaniambia kiranja gani anayeogopa choo, nenda kafungue. Shule nzima ikatoka kutazama. Nilisoma kila ninachojua, nikachanganya na jedwali la saba, nikausukuma mlango kwa mguu. Ndani giza. Halafu: ko, ko, ko.

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Naambiwa nilimpita mwalimu wa michezo. Aliyetoka chooni ni beberu wa mpishi, aliyezoea kujificha mle jua likiwa kali, naye kwa kuona watu mia nne wanakimbia akaona na yeye asibaki. Nikitazama nyuma namwona mwenye kwato yuko nami sambamba. Jioni ile beji yangu akapewa msichana wa darasa la saba.

Basi. Juma lililopita mabomba yalikauka kwa siku tano, jambo la kawaida, na choo cha ndani kikafungwa ili kuhifadhi maji. Ukawa unakwenda kile cha zamani, cha shimo, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe dodo. Siku nne za kwanza nilikuwa mlinzi wa familia. Saa nane za usiku binti yangu, mheshimiwa rais, mshindi wa kura, ananigongea: "Baba, nisindikize." Nasimama na tochi nje, nazomewa na popo, naye ndani kila nukta ananiuliza, "Baba, uko?" Niko. "Baba?" Niko, maliza. Nilimuuliza kama Teru huwa anasindikizwa. Hakujibu. Nilimchekea nikirudi kulala, nikamwambia na mama watoto, tukacheka wote.

Usiku wa tano ni mimi. Mbaazi za jana, au nazi ilikuwa imechacha, sijui. Nikatoka peke yangu kimya, mwanamume. Mbalamwezi ilikuwa nyeupe pe. Nikapinda kona ya nyumba, na pale kati yangu na choo, chini ya mwembe, amesimama mvulana. Koti jeusi, kola imekaa sawasawa, vifungo vinang'aa, kofia imeinamishwa kidogo. Hana uso. Upepo ukapita, akanigeukia.

Najua. Nguo ilikuwa imefuliwa ikaanikwa, kofia ikabanwa juu ya kola kwa kibanio ili isipoteze umbo. Najua pia ni mishono minane, na sindano mbili, na kaniki ya nani. Akili ilijua yote hayo. Miguu haikuulizwa.

Nilirudi kinyumenyume hadi dirishani kwa binti yangu. Nikagonga. Mara tatu.

"Nani?"

"Mimi. Njoo na tochi."

Kimya. Halafu sauti, ya usingizi lakini ya ofisini kabisa: "Wewe nani, umetoka wapi, na unataka nini?"

Nikataja jina. Nikataja nilikotoka. Nikasema ninachotaka, kwa haraka, maana mbaazi hazikuwa na subira.

"Na malipo?"

"Mwanangu, mimi ni babako."

"Bando la wiki," akasema. "La mwezi kama utataka nisimwambie bibi."

Nikatoa simu mfukoni, nikawa nabonyeza namba ya siri kwa kidole gumba, miguu imepishana, na kule chini ya mwembe mvulana wangu akipeperusha mkono mmoja.

Kitufe cha kutuma nilikibonyeza mara mbili kwa wasiwasi. Ya pili hajanirudishia.